Mlango wa Mashine ya Gichana

Siku alipozikwa Mzee Mokua, historia ya marehemu ilisomwa ikaisha kabla waombolezaji hawajakaa vizuri kwenye viti. Alizaliwa, akahamia Migori, akatengeneza baiskeli, akabatizwa, akaoa, akazaa, akaugua, akalala. Msomaji aligeuza karatasi akitafuta mengine, akakuta upande wa pili ni mweupe. Wakisii hawafanyi mzaha na historia ya marehemu. Mtu akiteremshwa kaburini bila masimulizi ya kutosha, majirani hutazamana, na wale wenye ndimi huulizana chini kwa chini kama watoto wake walikuwa watoto au walikuwa wapangaji tu.

Bathsheba, mkamwana wake, alikuwa mstari wa mbele, na aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alimpikia mzee yule uji kwa miaka mingi, akamfulia mashati yaliyolowa grisi, akamshika mkono alipokata roho, na bado hakujua ni nani aliyemfundisha kuziba pancha. Hakuwahi kuuliza. Usiku ule alimbana mumewe, Elkanah, amwambie lolote alijualo juu ya babake. Elkanah alifikiri sana, akaambulia jambo moja tu: kila mwaka masika yakishika, mzee alikuwa ananoa panga, anaondoka asubuhi, kisha anarudi bila kuni wala majani ya ng'ombe.

"Alikuwa anaenda wapi?"

"Sijui. Tata alikuwa mtu wa kunyamaza."

Elkanah alilisema hilo kana kwamba limemaliza maneno. Kwa Bathsheba halikumaliza kitu, na hapo ndipo ilipoanzia kazi ambayo Suna nzima, mtaa wao wa Migori, sasa inamjua kwayo.

Kazi inayomlisha ni ndizi. Anauza za kupika na za kuiva, kwenye kibanda cha ukingoni mwa soko, na ukimtafuta kwa jina la Bathsheba utazunguka mpaka jua litue. Sema Mama Joyline, hata mbuzi watakuonyesha. Joyline ni bintiye, na ndiye aliyemnunulia simu yenye kushika sauti, akidhani mamake ataitumia kwa nyimbo za kwaya. Mama akaitumia kwa watu. Mteja anapochagua ndizi zake, yeye huinua simu na kuuliza, "Nikushike sauti?" Wengine walikimbia. Walidhani ni mambo ya polisi.

Mwanzoni alikosea vibaya. Alimkalisha mtu kwenye kiti, akamnunulia soda, akamwambia aseme habari za zamani. Lakini mtu aliyeketi na soda mkononi husema siasa. Mmoja alisema siasa mpaka simu ikaisha chaji, na Bathsheba akarudi nyumbani na hasira za bure na chupa tupu. Ndipo alipovumbua dawa yake mwenyewe: usimkalishe mtu, mtembeze. Mtembeze mtaani polepole, miguu yake ipite pale ilipopita utotoni, na kinywa kitafuata. "Hapa ndipo tulipochota maji. Ah, hapa! Hapa ndipo mume wangu alinidanganya kwa mara ya kwanza." Mambo huja yenyewe namna hiyo. Akawa anafunga kibanda saa kumi, anamchukua ajuza au mzee wa siku hiyo, na kutembea naye kama walinzi wa zamu.

Sheria yake ya pili ni kwamba hafuti kitu. Kuku akiwika katikati ya masimulizi, amewika. Mtu akikohoa, akigombana na jirani, akisahau alichokuwa akisema na kurukia bei ya sukari, yote yanabaki. Wamo waliomshauri apunguze, abakishe yale ya maana tu. "Nani ameniweka niwe hakimu wa maana?" anawajibu. Kadi za simu zenye sauti hizo amezijaza kwenye mkebe wa majani ya chai, na mkebe ameuweka juu ya kabati, karibu na Biblia.

Na mtaa ulikuwa unahitaji mtu wa namna hiyo, kwa maana Migori ya leo haimngoji mtu amalize chai. Pesa za dhahabu ya Masara zimesimamisha ghorofa palipokuwa na vyumba vya mabati vya mstari mmoja, vile ambamo Mjaluo, Mkisii na Mkuria walitenganishwa na ukuta usiozuia hata harufu ya mboga. Wapangaji wa zamani wametawanyika. Kilichobaki ni majina. Watu bado wanasema "nishukishe Mashine," ingawa mashine ya unga ya Gichana ilinyamaza kitambo, Gichana mwenyewe amelala kwao Kisii, na lile jengo lake la mawe kando ya barabara kuu sasa linauza rangi na misumari.

Jumapili alasiri ndiyo siku ya kusikiliza. Bathsheba ni Msabato wa kweli kweli, na Jumamosi simu yake haitiwi hata chaji. Lakini Jumapili huweka spika juu ya meza ya ndizi, na watu huja na viti vyao. Anachezesha sauti moja au mbili, ya aliye hai au ya aliyekufa, na mtaa unasikiliza na kupinga. "Hapana, hapo anatia chumvi!" "Wewe ulikuwa umezaliwa?" Mabishano nayo anayashika, yanaingia mkebeni. Katika sauti zote hizo alikosa moja tu, ya baba mkwe wake, na kila alipofungua mkebe moyo ulimchoma kidogo mahali palepale.

Mwezi wa nne uliopita akaja Risper.

Alikuwa mama mzee wa Kijaluo, mwembamba, mwenye leso mbili na fimbo, ametoka Kisegi kule Suba, upande wa ziwani. Alisimama mbele ya kibanda bila kutazama ndizi.

"Wewe ndiye mama anaweka watu ya zamani?"

"Ninaweka sauti zao, mama. Karibu kiti."

"Kiti nitakaa baadaye. Mimi nilikaa hapa Suna kitambo, nikiwa nimeolewa juzi tu. Mtoto yangu ya kwanza alilala hapa. Mto ilikuwa imejaa, barabara imekatika, bwana yangu ako Kisegi, hakuna kupita. Nikiwa bado hospitali, majirani wakamzika nyuma ya mashine ya Gichana, kona ya upande ya mto. Nilionyeshwa mara moja. Nikaenda kwetu, sikurudi tena." Akameza mate. "Sasa nasikia kwa redio barabara inapanuliwa. Nataka udongo yake tu. Niweke kwa boma yangu, nikifa nilale karibu na yeye."

Bathsheba aliinua simu, akauliza mtoto aliitwa nani. Risper akatikisa kichwa.

"Jina yake sijataja tangu hiyo siku. Mdomo inakataa. Usinilazimishe, nyar Kisii, binti ya Kisii."

Bathsheba hakumlazimisha. Alifunga kibanda papo hapo, akamtembeza kama anavyowatembeza wote. Lakini miguu ya Risper haikupata pa kushika. Kila alichokijua kilikuwa kimeondolewa: kisima, mstari wa vyumba, mti aliokuwa akianikia nguo. Alishikilia kile tu alichokumbuka, nyuma ya mashine, kona ya upande wa mto. Wakazunguka jengo la rangi na misumari, wakapita kwenye mapipa matupu, wakaifikia kona ile ya nyuma iliyoelekea mtoni. Palikuwa na uwanja mdogo wenye kuku. Risper alichoka, akaegemea ukuta kwa kiganja, kisha akapiga magoti. Alikwangua udongo kwa vidole vyake, akaufunga kwenye pindo la leso, akalia kilio cha chini ambacho Bathsheba hakuthubutu kukishika.

Baada ya wiki moja Risper alipiga simu. Alikuwa ameuzika udongo ule karibu na nyumba yake, mwalimu wa kanisa akaomba, majirani wakanywa chai. Sasa alikuwa analala usingizi. "Nyasaye akubariki, mama yangu," alimwambia, na Bathsheba, tusimfiche, kichwa kilivimba kidogo. Jumapili ile aliwasimulia wasikilizaji habari hiyo kwa urefu kuliko ilivyohitajika.

Kichwa kilichovimba kilisinyaa mwezi uliofuata, siku ya kusikiliza kama zote. Ilikuwa zamu ya sauti ya Jerusha. Jerusha alikuwa muuza uji kwenye foleni ya mashine ya Gichana, mwanamke wa maneno mengi, na sasa ni marehemu. Sauti yake ilikuwa moja ya zile walizomshauri Bathsheba azipunguze, kwa sababu sehemu kubwa ni malalamiko. Alilalamika juu ya wateja, juu ya nzi, juu ya Gichana. Watu wakasinzia. Kisha akaanza kulalamika juu ya jua.

"Nilikuwa naketi kando ya mlango, nimeegemea ukuta, na jua la asubuhi linanipiga usoni, linanipiga usoni, mpaka nikavaa kofia ya bwanangu kama askari. Watu wakanicheka. Lakini ningefanyaje? Uji unauzwa asubuhi, na asubuhi jua lote liko kwa mlango wa Gichana."

Mzee mmoja akacheka peke yake nyuma ya watu. Alikuwa Magige, fundi wa mawe wa zamani, Mkuria aliyerudi kwao karibu na mpaka wa Tanzania. Alikuwa amekuja mjini kuuza mbuzi, akaketi pale kupumzisha miguu.

"Hiyo kofia naikumbuka," alisema. "Ilikuwa nyeusi."

Wengine wakacheka naye. Bathsheba hakucheka. Alikuwa ameutazama mlango wa lile jengo kila siku ya maisha yake ya ndoa. Mlango ule unaangalia barabara, na barabara iko magharibi. Asubuhi pale ni kivuli kitupu, wenye bodaboda hukaa hapo na makoti. Akazima spika.

"Mzee Magige, jua la asubuhi liliupigaje mlango ule?"

"Si hiyo mlango. Hiyo ya sasa nilivunja mimi." Magige alisema hivyo kwa fahari ya fundi. "Zamani barabara ya magari ilikuwa njia tu ya vumbi. Watu walikuwa wanakuja na njia ya huko ndani, kwa makao. Mlango ilikuwa huko. Halafu lami ikakuja. Kila mtu akataka mlango iangalie lami. Gichana akaniita, nikavunja ukuta ya nyuma nikaweka mlango, nikaziba ile ya zamani na mawe. Si Gichana peke yake. Hii laini yote niligeuza mimi."

Mji mzima ulikuwa umegeuka kama mtu anavyogeuka kitandani, na waliozaliwa baadaye hawakujua.

Bathsheba alimshika Magige mkono, akampeleka nyuma ya jengo, kwenye ule uwanja wa kuku. Mzee akaupapasa ukuta, akamwonyesha: mawe ya rangi nyingine, yamepangwa kwa umbo la mlango. Ni pale pale Risper alipoegemea kwa kiganja chake. Kilichokuwa mbele ya mashine siku zile ndicho kilikuwa nyuma sasa, na kile kilichokuwa nyuma, alikozikwa mtoto, kilikuwa mbele, kando ya lami, machoni pa watu wote. Wakazunguka tena. Kwenye kona ya upande wa mto, kati ya ukuta na barabara, palikuwa na kipande cha nyasi ambacho saruji ya baraza haikukifikia. Katikati yake mkandarasi wa barabara alikuwa amepigilia kigingi chenye rangi nyekundu.

Siku iliyofuata alimtafuta msimamizi wa kazi, kijana mpole aitwaye Byron, akamuuliza kigingi kile ni cha nini. Byron akamwambia mtaro wa maji utapita hapo, na tingatinga litaanza kuchimba Jumamosi asubuhi. Magige alipopashwa habari aliahidi kuwapo siku hiyo.

Wiki ile ndizi ziliiva zikamwozea. Bathsheba aliketi kibandani akiwa hayupo. Kila alipoichukua simu ampigie Risper, aliirudisha mezani. Mama wa watu alikuwa ameomboleza, akaomba, akazika, akalala usingizi, na sasa yeye ampigie amwambie nini? Kwamba amelizika vumbi la kuku? Elkanah alimhurumia, akampa ushauri ambao waume wengi wazuri wangempa.

"Mwache. Ameshatulia. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Na Jumamosi je, tingatinga likimchimbua yule mtoto na kumtupa na taka?"

"Mamake hatajua."

"Mimi nitajua," alisema Bathsheba. "Nimewaambia watu mtaa mzima kwamba sifuti kitu. Nikilifuta hili kwa sababu linaniaibisha mimi, basi ule mkebe ni wa porojo, niurudishie majani ya chai."

Ijumaa alfajiri alipiga moyo konde. Habari ile hakutaka kuipitisha kwenye simu. Akashika njia ya Sori na Magunga, akabadilisha bodaboda mara kadhaa, akafika Kisegi jua likiwa juu, mwili mzima umekuwa rangi ya barabara. Risper alikuwa anaanika omena, wale dagaa wa ziwani. Alipomwona alipiga ukelele wa furaha, akamwosha mikono, akamlisha samaki kabla hajamuuliza lililomleta. Kisha akamchukua kwa mkono, akampeleka kando ya nyumba, akamwonyesha. Palikuwa na kijituta kidogo kilichozungushiwa mawe meupe ya ziwani. Ua alilolipanda lilikuwa limeshika.

Ingekuwa rahisi kusifia ua, kushukuru kwa samaki na kurudi nyumbani. Bathsheba alipiga magoti mbele ya mama yule, kama alivyopigishwa magoti na mamake alipokosea utotoni, akalisema lote: uji wa Jerusha, jua, mlango uliogeuzwa, kigingi, tingatinga. "Nilikupeleka pasipo, mama. Si wewe uliyekosea, ni mimi. Nilijua mtaa, nikajiona najua."

 Kuku walikuja kudonoa omena na hakuna aliyewafukuza.

"Umenizikisha udongo ya watu," alisema hatimaye.

"Ndiyo, mama."

"Nimelilia udongo ya watu. Nimeita watu, wamelia na mimi."

"Ndiyo, mama."

Risper akageuka akaingia ndani. Bathsheba alibaki palepale chini, akisikia vitu vikigongana mle ndani, akajua anafukuzwa kwa heshima. Kumbe mama alikuwa anatafuta leso yake ya safari. Alitoka na fimbo, akasimama juu ya kile kijituta, akakitazama kwa muda.

"Nikifukue?" Bathsheba aliuliza.

"Ufukue kwa nini? Huyu sasa ni mgeni. Mgeni hafukuzwi." Akaifunga leso kiunoni. "Simama, twende tumwone mwenyewe."

Waliingia Migori jua likielekea kutua, Sabato ikiwa mlangoni, na Risper alilala nyumbani kwao. Asubuhi kengele ya kanisa ililia. Elkanah ni mzee wa kanisa, na tangu waoane hawakuwahi kukosa Shule ya Sabato pamoja ila mmoja akiwa hospitalini. Alikuwa ameshavaa suti. Bathsheba akamtazama, akiwa na viatu vya shambani.

"Bwana Yesu aliuliza juu ya ng'ombe aliyeanguka kisimani siku ya Sabato," alimwambia. "Huyu ni mtoto."

Elkanah hakubishana. Aliingia stoo, akatoka na panga la marehemu babake, la kulegezea udongo, akaongozana nao na suti yake.

Tingatinga lilikuwa limeshawashwa. Magige alikuwa amerudi mjini kama alivyoahidi, na alikuwa amesimama kwenye kile kipande cha nyasi, fimbo mkononi, akimwambia dereva kwamba kama ana haraka aanze na yeye. Byron alikuja mbio. Bathsheba akamweleza kwa maneno machache. Byron akamtazama Risper, akatazama kigingi chake, akainua mkono, na mngurumo ukazima. Wenye bodaboda wakavua kofia bila kuambiwa.

Risper hakupiga magoti mara hii. Alisimama akitazama ukuta, kisha mto kule chini, kisha ukuta tena, na miguu yake ikasogea yenyewe kidogo kushoto, ikasimama.

"Ni hapa," alisema. "Hapa sasa najua." Akamgeukia Bathsheba. "Shika sauti."

Bathsheba akainua simu. 

"Mimi ni Risper, nakaa Kisegi. Wakati mto ilijaa, uchungu ilinishika mapema, na bwana yangu hayuko. Kulikuwa na jirani, fundi ya baiskeli, Mkisii, kijana bado. Alinipakia kwa baiskeli. Tukafika kwa maji, maji ikakuwa kiunoni. Akaacha baiskeli iende na maji, akanibeba kwa mgongo mpaka hospitali. Hiyo baiskeli ndiyo ilikuwa mali yake yote. Mtoto akazaliwa mzima. Nikampa jina ya huyo mtu, kwa sababu bila yeye hangeona hata jua moja. Aliishi siku kidogo tu. Na wakati alilala, ni huyo fundi alichimba hapa, peke yake, na mvua. Akaniambia, 'Mama, nenda kwenu. Nitakuwa namwangalia.'" Risper alivuta pumzi, na midomo ikamcheza kabla haijakubali. "Mtoto yangu anaitwa Mokua."

Hakuna aliyewahi kumwambia Risper alikuwa mgeni wa nyumba ya nani. Kwake yeye, mwenyeji wake alikuwa Mama Joyline, na yule mwanamume mwenye suti alikuwa Baba Joyline. Alishangaa alipoona wote wawili wamemkodolea macho.

"Fundi ya baiskeli?" Magige alisema. "Yule alikuwa ananyamaza? Si ndiye alikuwa anafyeka hapa kila masika! Mpaka uzee. Mimi nilikuwa nafikiria Gichana anamlipa."

 Elkanah alilitazama panga mkononi mwake. Kila masika, panga lililonolewa, na kurudi bila kuni.

"Mama," Bathsheba alimwambia Risper, "huyu ni mwanawe. Mimi ni mkamwana wake."

Fimbo ya Risper ilianguka. Alimshika Elkanah mashavu kwa viganja vyote viwili, akaugeuza uso wake huku na huku, akautafuta uso wa kijana yule wa baiskeli, akaupata. "Wuololo," alisema, "wuololo, Mokua." Bathsheba akalia kwa sauti, pale barabarani, siku ya Sabato, mbele ya wateja wake. Kilio chake kimo ndani ya ile sauti mpaka leo, pamoja na honi ya lori iliyopita, kwa sababu yeye hafuti kitu.

Risper alichota udongo wake, akaufunga kwenye leso, akasema yuko tayari, wachimbe. Wenye bodaboda walianza kuondoka, na dereva akapanda kwenye tingatinga lake. Lakini Elkanah alikuwa amevua koti la suti, amelikabidhi kwa mkewe, ameinama. Alikuwa anafyeka. Alikifyeka kipande kile chote cha nyasi polepole, pembeni mwa ukuta na kuzunguka kigingi, kama mtu asiyejua kwamba baada ya saa moja hapatakuwa na nyasi wala udongo pale.

Byron hakumruhusu dereva awashe mpaka alipomaliza.